Majina Yaliyopakwa Siagi

Nairobi, 6 Februari 2023

Gogo Tecla,

Hatujuani. Mimi ni Bilhah, binti wa Mureithi aliyekuwa na duka la vitambaa karibu na soko la Kericho. Kwa hivyo nakuita Gogo, kama tulivyofundishwa kuwaita akina nyanya wa huko. Kazi yangu ni kukarabati vitabu na karatasi kuukuu katika maktaba moja hapa Nairobi.

Nelvine, mke wa mjukuu wako Kipsang, aliniletea ile ngozi yenye maandishi. Alisema ilitoka kwenye sanduku la bati mlipokuwa mkibadilisha mabati ya nyumba, na kwamba unataka kuambiwa kwa barua, si kwa simu.

Ni ukurasa mmoja wa Injili. Uliandikwa kwa mkono, kwa Kigiriki, yapata miaka mia nane iliyopita, kabla ya mitambo ya kuchapa. Ni ngozi ya ndama. Ukingo mmoja una alama za kisu, maana yake ulikatwa kutoka kwenye kitabu kizima. Nyuma umebandikwa karatasi ya kahawia, kama ile wanayoweka nyuma ya picha kwenye fremu.

Nina maswali mawili. Ulifikaje huko kwenu Boito? Na ni nani aliyeupaka mafuta? Upande wa mbele wote umeshiba mafuta, hata mistari sita haisomeki. Sikuulizi ili nikulaumu. Kitu kama hiki kisipokuwa na historia, hakuna mahali pa kukiweka.

Wako,
Bilhah Mureithi


Boito, 20 Februari 2023

Bilhah binti wa Mureithi,

Barua yako nimeipata. Duka la baba yako nalijua. Alinipimia drili ya suruali ya mzee wangu mwaka ule wa kuoana, na hakunipunja hata inchi moja.

Simu sitaki kwa sababu maneno ya simu yakishasemwa hayapo. Karatasi inakaa.

Hiyo ngozi si ya ndama. Ni ya mbuzi. Pitisha kidole upande wa manyoya utaona.

Ilitoka kwenye vitu vya mzee wangu, Kipkurui arap Tonui. Alikuwa mpishi wa Bwana Whitcombe, meneja wa shamba la chai, miaka ya sitini na sabini. Ngozi ilikuwa ukutani kwa Mzungu, ndani ya kioo. Mwaka wa 1973 ilipotea. Kipkurui ndiye aliyeshika funguo za nyumba, kwa hivyo ikasemwa ni yeye. Mzungu hakuita polisi. Alimwachisha kazi, halafu akaenda kwa wazee wa kanisa akawaambia mpishi wake ni mwizi. Kanisa likamtenga na Meza ya Bwana. Alikaa nje hivyo miaka ishirini na sita mpaka akafa, na alizikwa na majirani bila mchungaji.

Kuhusu ilivyoingia kwenye sanduku lake, yeye hayupo na hawezi kuulizwa. Mafuta pia sijui.

Sasa nikwambie ninachotaka, kwa maana sikumtuma Nelvine Nairobi kutembea. Nelvine ana mimba, atajifungua mwezi wa sita. Kwetu mtoto akizaliwa wanawake humzunguka na kuita majina ya wafu wa ukoo wa baba yake, moja baada ya lingine, mpaka apige chafya. Jina atakalolipigia chafya, huyo ndiye aliyerudi. Tunaita kurenet. Tumeokoka, na bado tunaita. Lakini jina la mwizi haliitwi, kwa sababu hakuna anayetaka mwizi arudi kwa nyumba yake. Tangu Kipkurui afe, watoto kumi na mmoja wamezaliwa kwetu na jina lake halijaitwa hata kwa mmoja. Likirukwa hivyo, linaisha.

Mimi nina miaka sabini na tisa. Nataka mtu aliyesoma aandike kwamba Kipkurui hakuiba. Wewe umesoma.

Halafu uniambie hayo maandishi yanasema nini.

Ni mimi,
Tecla


Nairobi, 13 Machi 2023

Gogo Tecla,

Ni ya mbuzi. Niliwapa wenzangu waipime na ikawa hivyo. Wamecheka sana kusikia nimesahihishwa kwa barua kutoka Boito.

Maandishi ni Luka, sura ya tatu, pale panapohesabiwa baba za Yesu kwenda nyuma: wa Eli, wa Mathati, wa Lawi, wa Melki, wanafuatana hivyo. Hakuna mahubiri wala muujiza. Ni majina tu ya watu na baba zao. Saba kati yao wamefutwa na mafuta.

Sasa kuna jambo. Mafuta hayo yalipenya hadi ile karatasi ya nyuma, ikawa inaonyesha ndani kama karatasi iliyofungiwa mandazi. Upande uliogusa ngozi, ambao hakuna aliyeuona tangu ubandikwe, kuna maneno ya Kiingereza yenye sahihi ya Whitcombe. Kwa Kiswahili ni hivi: "Nilijichukulia hii katika monasteri iliyoungua, Ugiriki, 1945, nilipokuwa jeshini. Hakuna aliyeniuliza." Jina la monasteri lipo.

Kwa hivyo mtu aliyemwita mumeo mwizi alikuwa ameiiba mwenyewe. Naona ndiyo maana hakwenda polisi. Polisi wangemuuliza aliitoa wapi, wazee wa kanisa hawakuuliza.

Nimemwandikia mchungaji wenu na kumweleza hayo. Lakini nisikudanganye, Gogo. Hii haionyeshi kwamba Kipkurui hakuichukua kwa Whitcombe. Inaonyesha tu kwamba haikuwa ya Whitcombe.

Na hayo mafuta ni siagi ya ng'ombe. Yalipakwa kwa vidole, kutoka katikati kwenda pembeni, taratibu, na mtu aliyejua ngozi. Mwizi hufichaficha, hakai chini akapaka siagi. Alama za vidole ni nyembamba. Mumeo alikuwa na mikono midogo?

Wako,
Bilhah


Boito, 27 Machi 2023

Kwa Dkt. Bilhah Mureithi,

KUH: MAREHEMU KIPKURUI ARAP TONUI

Barua yako ilisomwa mbele ya baraza la wazee tarehe 25 mwezi huu. Tunakushukuru.

Tumefungua kitabu cha kumbukumbu cha mwaka 1973. Imeandikwa kwamba Kipkurui aliitwa mara tatu. Alipoulizwa kama alichukua ngozi, hakukiri na hakukana. Mara ya tatu aliuliza kama wazee wamekunywa chai. Akatengwa hadi atakapojibu, na hakujibu.

Kuhusu dhambi za Bwana Whitcombe, hizo ni zake na kanisa lake. Kwa Kipkurui, asiyekuwapo na lake halipo: baraza haliwezi kumsamehe mtu ambaye hakuomba msamaha, wala kumwondolea hatia kwa barua kutoka Nairobi. Litahitaji shahidi aliyekuwapo. Waliokuwapo wamekufa wote isipokuwa mjane, naye tulipomuuliza baada ya ibada alisema ana ng'ombe wa kukamua.

Umetaja pia mila ya kuita majina. Kanisa letu haliitambui. Mimi mwenyewe niliitiwa majina nikapiga chafya kwa la babu yangu, lakini hilo lisiingie kwenye faili yako.

Katika huduma,
Mchungaji Aron, Mwenyekiti wa Baraza


Boito, 17 Aprili 2023

Binti Bilhah,

Nimechelewa. Mvua ya mawe ilipiga chai tarehe mbili, na kwa wiki mbili tumekuwa tukiokota majani yaliyopasuka ambayo kituo cha kununulia chai kinayakataa. Lakini si mvua iliyonichelewesha.

Umeuliza mikono ya Kipkurui. Ilikuwa mikubwa. Kikombe cha chai kilipotea ndani.

Mikono midogo ni yangu.

Nilikuwa nafua na kupiga pasi kwa Whitcombe, Jumanne na Ijumaa. Ile ngozi ilikuwa chumba cha kulia, juu ya mahali pa moto. Wazungu wanapenda kuweka vitu juu ya moto. Kioo kilikuwa na ufa, na mwezi wa saba, wakati wa baridi, moto ulipowaka kutwa, niliiona inajikunja na kukakamaa pembeni. Mama yangu alikuwa fundi wa ngozi. Alishona zile nguo za ngozi za bibi arusi enzi hizo. Alinifundisha kwamba ngozi ikianza kukunjamana unaipaka siagi mara moja, ikipasuka umechelewa. Niliihurumia. Huo ndio ukweli, binti yangu, niliihurumia ngozi ya Mzungu.

Basi Ijumaa nikaitoa nikaenda nayo nyumbani chini ya kanga. Nikayeyusha siagi, nikaipaka kama nilivyofundishwa. Maandishi niliyaona, lakini kwetu nguo ya ngozi ina urembo na siagi haiondoi urembo. Nilitaka kuirudisha Jumanne ikiwa laini. Nilijua watafurahi.

Jumamosi Whitcombe akapiga kelele. Alisema kile kitu ni cha thamani kuliko nyumba yake, na aliye nacho ataozea jela. Nilikuwa na mimba ya miezi saba, baba yake Kipsang. Niliogopa. Nikaizika kwenye ghala chini ya mahindi, nikasema nitangoja hasira ipoe. Jumanne nikakuta hatuingizwi tena nyumbani kwa Mzungu. Wiki iliyofuata Kipkurui alikuwa ameachishwa, na kila siku iliyopita ilifanya siku ya kusema iwe ngumu zaidi.

Sikumwambia. Yeye hakuniuliza.

Mwezi wa kumi na moja nilienda kuitoa ghalani, sikuikuta. Nikajua panya wamekula, na nilifurahi, Mungu anisamehe. Mwaka uliofuata mtoto alikuwa mgonjwa, nikafungua sanduku la mzee kutafuta kadi ya kliniki. Ilikuwa humo. Ameifunga kwa aproni yake nyeupe ya kazi, na juu yake ameweka cheti chake cha ubatizo.

Kwa hivyo alijua. Aliitoa kwenye mahindi yangu akaiweka kwenye sanduku lake, ili kama ingepatikana, ipatikane kwake. Na wazee walipomuuliza hakukana, kwa sababu angekana wangeuliza nani mwingine huingia ile nyumba.

Nilifunga sanduku nikampeleka mtoto kliniki. Tukaishi miaka mingine ishirini na mitano, tukala sahani moja, na hilo hatukulitaja hata siku moja. Jumapili ya Meza ya Bwana alikuwa akinisindikiza mpaka mlangoni, halafu anakaa nje kwenye nyasi na kofia yake magotini. Mimi nilikuwa naingia. Nilikula mkate na kunywa kikombe, nikatoka, na yeye akanibebea Biblia kurudi nyumbani. Nimeandika hili na nimeona aibu ambayo sikujua bado ninayo.

Nilikuandikia kwamba mafuta sijui. Nilikudanganya. Nilitaka jina lake lisafishwe bila langu kuguswa. Kwa maana nikisema, yeye atatoka kwenye hatia na mimi nitaingia. Wanawake wetu hawatajali sana habari ya kuchukua ngozi. Watajali kwamba nilimwacha mtu wangu akae nje kwa ajili yangu. Jina la mwanamke kama huyo nalo haliitwi.

Sasa unajua.

Tecla


Nairobi, 2 Mei 2023

Gogo Tecla,

Nimesoma barua yako mara mbili. Nimeiweka kwenye droo yangu mwenyewe, si kwenye faili ya kazi.

Niliwaandikia wale wamonaki wa Ugiriki. Monasteri ilijengwa upya na kitabu kipo. Kinakosa ukurasa mmoja pale Luka tatu, na sehemu iliyokatwa inalingana na ngozi yetu. Mimi na Nelvine tumekubaliana irudi, na nadhani wewe hutakataa. Inabidi iende na historia yake imeandikwa.

Hapo ndipo ninahitaji neno lako. Uongo siwezi kuandika, lakini ninaweza kuandika kidogo. Ninaweza kusema "ilitolewa kwenye fremu na mtu wa nyumbani aliyetaka kuitunza" na nisitaje nani. Hilo ni kweli, na halimdhuru mtu. Kwa Kipkurui ninaweza kuandika kwamba hakuitoa yeye, na nimwambie Mchungaji Aron kwamba nina ushahidi nisioweza kuuonyesha. Huenda ikatosha, huenda isitoshe. Lakini utakuwa umebaki salama.

Sikushauri. Kama ungekuwa mama yangu ningekwambia unyamaze, umri huu si wa kusimamishwa mbele ya watu. Wewe si mama yangu, kwa hivyo nauliza tu niandike nini.

Bilhah


Boito, 19 Juni 2023

Binti Bilhah,

Umengoja jibu mwezi na nusu. Nilitaka kwanza mambo yatendeke ndipo niandike, nisije nikaandika jambo halafu nikashindwa kulifanya.

Andika yote. Andika Tecla, mke wa Kipkurui, na useme ni siagi ya ng'ombe wetu. Waambie wamonaki samahani kwa yale majina saba. Nimeyatafuta kwenye Biblia yangu nikayakuta, kwa hivyo hayajapotea, yamefutika kwa hiyo ngozi tu. Lakini aliyeyaandika alikaa akayaandika, na mimi sikuomba ruhusa yake.

Tarehe kumi na nne Mei, Jumapili, baada ya matangazo, nilisimama. Mchungaji Aron alidhani nataka kutangaza mkutano wa akina mama. Nilisema yote, kama nilivyokuandikia, pamoja na aproni. Mzee mmoja wa baraza, ambaye baba yake alikuwa kwenye kile kikao cha 1973, alitoka nje na hakurudi. Kwaya ikasahau wimbo unaofuata.

Baraza lilikaa wiki mbili. Wamefuta yale maneno ya 1973 kwa wino mwekundu, wakaandika mapya na kuyasoma mbele ya watu: Kipkurui arap Tonui hana hatia. Kisha wakanitenga mimi miezi sita. Aron alikuja nyumbani kuniambia, akanywa maziwa, akasema angependa iwe miezi mitatu lakini wazee walikataa. Nilimwambia sita ni michache. Mwenzangu alipewa ishirini na sita, na ilikuwa miaka.

Nimeshakaa nje Jumapili moja ya Meza ya Bwana. Nyasi ni baridi, hata ukitandika leso.

Nyumbani imekuwa ngumu zaidi. Dada zake Kipkurui wawili bado wako hai. Mkubwa hanisemeshi. Yule mdogo alikuja akasema, "Ulimpikia siku hizo zote?" Nikasema nilimpikia. Akaenda. Wana wangu wanasema mambo ni ya zamani, lakini wanasema wakitazama pembeni. Kipsang peke yake alilia, naye hata hakumjua babu yake.

Nelvine alijifungua tarehe tisa, mvulana. Wanawake walipokusanyika kumwitia majina, nilinawa mikono niingie, maana mimi ndiye mkubwa na ndiye huanza. Dada mkubwa akasimama mlangoni. Hakunitukana. Alisema tu, "Wewe ngoja huko." Basi nikakaa kwenye kibanda cha ndama, ukuta wake ni mmoja na ule wa chumba. Ni mbao tu, unasikia kila kitu.

Walianza na wale wa mbele, baba yake Kipkurui, na babu yake. Mtoto kimya. Halafu nikasikia sauti ya yule dada mkubwa, kavu kama kawaida yake, ikiita, "Kipkurui, ni wewe? Kama ni wewe, tuonyeshe." Wengine wakaitikia wakaliita. Waliliita mara nne, Bilhah. Nilihesabu kwa vidole. Miaka ishirini na nne hilo jina halikuwa limeitwa kwa sauti kwenye boma letu, mimi nimekuwa nikilisema ndani ya kichwa tu. Niliinamia ndama nikalia mpaka akaanza kunilamba shingo.

Mtoto hakupiga chafya. Wakaendelea, na alipoitwa ami mmoja wa Kipkurui, mtu aliyejulikana kwa kukopa majembe asirudishe, akapiga mbili mfululizo. Wanawake wakapiga vigelegele na mambo yakaisha. Nilihuzunika kidogo, sitakuficha. Halafu nikafikiri, Kipkurui hakuwa mtu wa kukimbilia kuitikia akiitwa. Wazee wenyewe walimwita mara tatu. Atangoja mwingine, na safari hiyo ataitwa tena, kwa sababu sasa yumo kwenye orodha.

Langu halitakuwemo. Nililijua hilo kabla sijasimama, na nimelala nalo, na linauma kuliko nilivyodhani. Sijutii, lakini sitaki ufikiri haliumi.

Walipoondoka, Nelvine alikuja mpaka kibandani, polepole, bado hajapona, na mtoto kifuani. Akaketi kwenye nyasi kavu karibu nami. Akasema, "Gogo, wao wakikataa, watoto wangu nitawaitia jina lako mimi mwenyewe. Nitaliita mpaka mtoto apige chafya, hata kama ni kwa ugoro."

Nilimwambia angoje kwanza nife.

Ni mimi,
Tecla, mke wa Kipkurui